Jinsi Kompyuta Inavyochora Kontua, na Jambo Isilolijua

Wanafunzi wenzangu, kila aliyesoma ramani katika somo la Jiografia anajua kontua ni nini. Ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Twajua kwamba mistari hiyo ikikaribiana mteremko ni mkali, na ikiachana nchi ni tambarare. Lakini ni wachache wanaouliza mistari hiyo hutoka wapi, maana mtu akipanda mlima hakuti mstari wowote ardhini. Mwaka huu swali hili limekuwa na maana shuleni kwetu, kwa sababu wazazi wamechanga fedha ili uchimbwe mtaro wa kuyaepusha mabweni na maji ya masika, na mtaro hauchimbwi ila kwa kujua maji yapita wapi. Basi nimeona yafaa nieleze.

Mpima ardhi hapimi mistari, hupima nukta. Husimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, msaidizi hushika mti mrefu wenye tarakimu, na kila mahali mti uliposimama huandikwa kimo chake. Mwishowe huwa na karatasi iliyojaa nukta, kila moja na tarakimu yake kando.

Karatasi ya namna hiyo ilimfikia Charles Hutton, mwanahisabati wa Uingereza, baada ya Nevil Maskelyne kusimamia upimaji wa mlima Schiehallion huko Uskoti mwaka 1774. Nia yao ilikuwa kutafuta uzito wa dunia, na kwa ajili hiyo Hutton alitakiwa kukadiria ukubwa wa mlima ule. Alipoona tarakimu zimetapakaa ovyo, aliziunganisha zilizo sawa kwa mstari wa kalamu ya risasi, na mara umbo la mlima likaonekana. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1778.

Je, tufanyeje ikiwa nukta hazina kimo kile tunachokitaka? Hapo twakadiria kwa hesabu ya uwiano. Tuseme nukta A ina kimo cha mita 1,204.2, nayo nukta B mita 1,201.8, na umbali kati yao ni mita 24. Tofauti ya vimo ni mita 2.4. Basi, tukichukua kwamba ardhi yateremka sawasawa, kila mita 10 za mwendo ardhi hushuka mita 1. Kontua ya 1,204 itapita mita 2 kutoka A. Ya 1,203 itapita mita 12 kutoka A. Na ya 1,202 mita 22. Hesabu hii mtoto wa kidato cha kwanza aiweza. Lakini angalieni maneno yale, "tukichukua kwamba ardhi yateremka sawasawa." Hayo hayakupimwa na mtu. Tumeyakubali tu.

Kompyuta hufanya hesabu hiyo hiyo, ila kwa upesi mno. Programu kama QGIS, ambayo hupatikana bila malipo, yaweza kuunganisha nukta zote kuwa wavu wa pembetatu, kisha ikakata kontua katika pande za kila pembetatu kama tulivyofanya kati ya A na B. Ili kuchagua nukta zipi ziwe pembetatu moja, wengi hufuata kanuni ya Mrusi Boris Delaunay, aliyoieleza mwaka 1934: ukichora duara linalopita katika pembe tatu za pembetatu, ndani yake pasiwe na nukta nyingine yoyote. Kwa njia hiyo pembetatu nyembamba kama sindano huepukwa kadiri iwezekanavyo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kompyuta hailijui. Kanuni ile hutazama mahali nukta zilipo katika ramani. Vimo vyao haivitazami. Fikirini mraba wenye pembe nne. Pembe mbili zinazokabiliana zina kimo cha mita 1,204, na mbili nyingine mita 1,202. Kuupata wavu, yapasa mraba ugawanywe kwa mstari mmoja wa mshazari. Ukiunganisha pembe za juu, ramani itaonyesha mgongo wa kilima. Ukiunganisha pembe za chini, itaonyesha bonde. Nukta ni zile zile na hesabu ni sahihi pande zote mbili, lakini ardhi ni moja tu. Tena kanuni ya duara haiwezi kuamua, maana nukta zote nne zimo katika duara moja. Anayeweza kuamua ni mtu aliyefika pale.

Katika kiwanja chetu nukta zilipimwa kwa safu, kila baada ya mita 20. Nyuma ya jiko liko korongo lenye upana wa mita 3 hivi, nalo lilipita katikati ya safu mbili bila kuguswa na nukta hata moja. Ramani ya kwanza ilikuwa nzuri kutazama, yenye mistari laini, lakini korongo halikuwamo. Kwa ramani hiyo mtaro ungemwaga maji katika korongo, na kila aliyekaa hapa masika moja anajua kwamba korongo hilo huishia mlangoni mwa bweni la wadogo zetu wa kidato cha kwanza.

Mwalimu wetu wa Jiografia alipoiona alizungumza na mpima ardhi, nasi tukatumwa kushika mti. Zilipimwa nukta 22 zaidi, chini ya korongo na katika kingo zake mbili. Kisha katika programu ikawekwa mistari mitatu, mmoja wa chini na miwili ya kingo, ambayo hakuna pembetatu inayoruhusiwa kuivuka. Ramani ilipochorwa upya, kontua zilipinda kama herufi V, ncha ikielekea mlimani, kama tulivyofundishwa juu ya mabonde. Sasa mtaro utayakinga maji juu ya kichwa cha korongo na kuyapeleka upande wa shamba.

Kwa hiyo, tupewapo ramani tusitosheke na uzuri wa mistari. Kwanza tuulize nukta zilipimwa wapi, maana penye nukta pamepimwa, na pasipo nukta pamekadiriwa. Pili, tuichukue ramani hadi uwanjani, tutazame kama kila mgongo, korongo na ukingo wa barabara umo. Tatu, tukumbuke kwamba programu nyingi hulainisha mistari ili ipendeze, na ulainishaji ukizidi mistari yaweza hata kukatana, jambo ambalo kontua za mteremko wa kawaida haziwezi kulifanya.

Nawaomba wazazi waliotoa fedha zao, watakapokuja siku ya kufunga shule, waitazame ramani iliyobandikwa ofisini, kisha watembee nasi hadi nyuma ya jiko. Wanafunzi tuliopima tutawaonyesha kila nukta.