Sanduku la Herufi Milioni Tano

Muhula huu tulibishana bwenini: je, diski yenye nafasi kubwa zaidi ndiyo inunuliwayo zaidi? Mimi nilishikilia kuwa ndiyo. Kisha nikasoma habari za RAMAC, kompyuta iliyotolewa na IBM ya Marekani mwaka 1956, ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Sanduku lake lilikuwa na sahani 50, kila moja inchi 24 kwa upana, na uzito wa karibu tani moja. Lilihifadhi herufi milioni 5 tu, sawa na kadi 62,500 za kutobolewa. (Flashi yangu ya gigabaiti 8 yachukua mara 1,600 ya hizo!)

Yasemekana mafundi waliweza kuongeza nafasi, ila wauzaji wakakataa. Hawakujua wangemwuzia nani. Nami siwacheki. Kuikodi kulikuwa dola 3,200 kwa mwezi, na karani alitaka upesi kuliko nafasi: habari yo yote ilipatikana kabla ya sekunde moja kwisha, bila ya kupekua kadi. Lakini mwaka 1958 kampuni ile ile ikaruhusu mteja kuongeza sanduku la pili. Bwenini bado hatujapatana.