Ukaazi Ugenini na Umilisi wa Lugha: Mfano wa Wanafunzi wa Kiswahili Kisiwani Unguja

Idara zinazofundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani zimekuwa zikiwahimiza wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda kukaa Afrika Mashariki kwa muda. Aghalabu manufaa ya safari hizo huelezwa kwa jumla: kupanua mawazo, kujuana na watu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayaonyeshi ni kitu gani hasa mwanafunzi hukipata Unguja ambacho darasa la London au Leipzig haliwezi kumpa. Makala haya yanadai kuwa kitu hicho ni umilisi wa matumizi, yaani kujua kauli ipi inamfaa nani, na wakati gani.

Tuchukue kiambishi -ja-. Vitabu hukieleza kuwa ni ukanushi wa -me-, na mwanafunzi hukikariri bila taabu. Hata hivyo, mwenyeji wake akimwuliza, "Umekula?", hujibu "Hapana" au "Sikula". Kisarufi hakuna kosa. Lakini "sikula" huliweka tendo katika wakati uliokwisha kupita, kana kwamba nafasi ya kula haipo tena, ilhali mzawa husema tu "Bado". Tofauti hii huwa nzito zaidi swali linapohusu ndoa au watoto: ajibuye "hapana" huonekana kuufunga mlango ambao jamii huuacha wazi. Zoezi la kujaza mapengo haliwezi kumfikishia mwanafunzi uzito huo; huufikisha uso wa aliyeuliza.

Ndivyo ilivyo kwa maombi pia. "Nipe chumvi" ni sentensi sahihi, ila mbele ya watu wazima husemwa "Naomba chumvi". Mama mwenye nyumba naye mara nyingi huitwa kwa jina la mwanawe, na haja haitajwi kabla salamu hazijakwisha.

Nje ya mji kuna somo jingine. Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwanafunzi afikapo Makunduchi hukuta, katika kisiwa hichohicho, lahaja inayomtatiza. Hapo ndipo usanifishaji unapomdhihirikia kuwa ulikuwa uteuzi.

Manufaa haya hayaji yenyewe. Wauzaji wa Mji Mkongwe humwamkia mgeni kwa "Jambo", salamu wasiyoamkiana wao kwa wao, kisha humalizia kwa Kiingereza. Wanafunzi wanaolala hoteli moja na kutembea kundi moja hawapati zaidi ya hayo. Kwa hiyo mahali pa kulala ni suala la kitaaluma, si la utawala tu, na saa za jikoni zastahili kuhesabiwa pamoja na za darasani. Upimaji nao hauna budi kubadilika: mtihani ukidai unyambulishaji wa vitenzi pekee, aliyekaa Unguja miezi sita hatatofautishwa na yule ambaye hakusafiri kabisa.