Askari wa Zamani wa Chula na Wiki Yake ya Matembezi

Alfajiri ya siku ya Jumamosi, mara baada ya sala, mzee mmoja wa kisiwa cha Chula alikuwa amekwisha kukaa barazani pake, kikoi kiunoni na kikombe cha kahawa mkononi, akihesabu kwa vidole siku zilizosalia kabla ya bamvua. Mkewe alikuwa ndani akikunja mikeka mitatu ya kwenda kuuzwa mjini. Ndivyo ilivyoanza wiki ambayo wazee hawa wawili huingojea mwaka mzima: wiki ya kuzuru marafiki, kuvuka kwenda Chovai, na hatimaye kusafiri hadi mji wa Kismayu.

Wameomba majina yao yasitajwe gazetini, nasi tumewaheshimu. Itoshe kusema kwamba mzee huyo alikuwa askari polisi. Alijiunga na Polisi ya Somalia mwaka 1974, miaka miwili baada ya lugha ya Kisomali kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, na anakumbuka kwamba katika mafunzo yake kalamu ilimtesa kuliko bunduki. Alitumikia kwa muda wa miaka 16 na zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Mogadishu ikaanguka, na hazina ambayo ingemlipa pensheni ikaanguka pamoja nayo. Hakupata barua ya kumshukuru wala mkono wa kwaheri. Yeye husema kwa mzaha kwamba hakustaafu. Serikali ndiyo iliyostaafu kabla yake.

Kwa wasomaji wasioijua pwani ile, Chula ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vilivyopangana mbele ya bara kuanzia upande wa Kismayu hadi karibu na mpaka wa Kenya. Majirani zake ni Chovai, Ngumi na Koyama. Wenyeji husema Kibajuni, ambacho wengine hukiita Kitikuu, ndugu wa Kiamu na lahaja nyingine za Kiswahili cha kaskazini. Hadi mwaka 1925 nchi hiyo ya Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya, kisha ikakabidhiwa Waitalia. Mstari uliochorwa wakati huo ulipita katikati ya jamaa, na ndiyo sababu hadi leo mtu wa Chula akitaja ami au shangazi yake huenda akawa anamtaja mtu wa Kiunga, Faza au Lamu.

Siku ya kwanza haikuwa na safari. Marafiki watatu walikuja barazani, kahawa ikamiminwa, karata zikachanganywa. Mazungumzo yao yalikuwa ya bahari tupu: upepo wa kusi ulivyochelewa kulegea mwaka huo, bei ya kamba mjini, na meli za kigeni zinazokokota nyavu kubwa mbali na macho ya serikali. Mmoja wao, ambaye mikono yake imechanwachanwa na mishipi ya miaka hamsini, alieleza habari za kuvua kasa kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye kibandiko juu ya kichwa. Mvuvi humfunga kamba mkiani na kumweka hai. Akimwona kasa humwachia, naye huenda akamng'ang'ania kasa asibanduke, kisha mvuvi huivuta kamba polepole kwa ustadi, maana akivuta kwa pupa hupoteza vyote viwili. Mtaalamu wa Kitaliano, Vinigi Grottanelli, aliandika kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955. Wazee wale hawakuwa na habari za kitabu hicho. Walichokijua ni kwamba wenye subira ya chazo sasa ni wachache, na kwamba kasa wenyewe wamepungua.

Mkewe naye alikuwa na baraza lake uani. Wanawake wanne walikuwa wakisuka ukili. Mwandishi aliona kwamba mama huyo hasuki kwa macho, bali kwa ncha za vidole, uso ameuinua kama anayesikiliza jambo la mbali. Jicho lake la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza. Jambo hilo halikuzungumzwa siku hiyo, lakini kila mmoja pale alilijua.

Jumapili walivuka kwa dau kwenda Chovai kumsalimu dada wa mama huyo. Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakachekeshana, wakarudi na maji ya jioni. Jumatatu ilipotea katika kungoja chombo, kama zinavyopotea siku nyingi visiwani.

Jumanne safari ilianza kabla ya jua kuchomoza. Mashua ilikuwa na injini, lakini mlingoti na tanga lake vilikuwapo, kwa kuwa nahodha wa huko haiamini injini peke yake. Abiria walikuwa 11, na shehena ilikuwa papa mkavu, ng'onda na ile mikeka mitatu. Huo ni msimu wa matlai, baina ya kusi na kaskazi, wakati bahari inapotulia. Katika miezi ya Juni na Julai kusi huivuruga bahari hiyo kiasi kwamba vyombo vidogo hufungwa pwani, na mgonjwa wa kisiwani hana budi kungoja radhi ya upepo. Askari aliyewahi kuwekwa katika kituo cha mbali ataelewa maana ya maneno hayo.

Walipokuwa wakipita karibu na kisiwa cha Koyama, mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba maji hayo hayo aliyapita usiku mwaka 1991, akielekea upande wa kusini, mkewe akiwa amempakata mtoto. Vita vilikuwa vimeingia Kismayu. Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda. Mashua na nyavu zao ziliporwa, na maelfu yao wakakimbilia Kenya kwa vyombo vilivyosalia. Wazee hawa waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, pamoja na Wabajuni wenzao, hadi kambi zile zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wapo waliobaki Kenya, wapo waliokwenda ng'ambo. Wao walirudi Chula. Mwandishi alipouliza kwa nini, mama ndiye aliyejibu, kwamba nyumba yao haikuwa na paa lakini kuta zilikuwa zikiwangoja.

Waliingia Kismayu alasiri. Mji huu una historia ndefu ya kugombewa. Mwaka 1875 jeshi la Misri liliuteka kutoka kwa askari wa Sultani Barghash wa Zanzibar, likaondoka muda mfupi baadaye kwa shinikizo la Uingereza. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliujengea bandari, na Warusi wakaujengea kiwanda cha nyama, wapinzani wawili wa dunia wakifanya kazi katika mji mmoja mdogo. Baada ya 1991 ulipita mikononi mwa makundi mengi. Al-Shabaab waliushika mwezi wa Agosti 2008 na kuukalia hadi mwishoni mwa Septemba 2012, majeshi ya Kenya yalipotua kutoka baharini yakishirikiana na majeshi ya Kisomali. Hata baada ya hapo haukuachwa kwa amani kamili. Mwezi wa Julai 2019 hoteli moja ya mji huo ilishambuliwa na watu wasiopungua 26 wakauawa.

Kwa hiyo vizuizi vipo, na ukaguzi upo. Katika kizuizi kimoja kijana wa polisi aliwataka abiria wajitambulishe. Mzee wetu alijinyoosha, akakusanya visigino vyake vilivyovaa ndara, akapiga saluti na kuitaja namba yake ya utumishi bila kukosea hata tarakimu moja, ingawa ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini tangu mtu kumwuliza. Kijana alisita. Kisha naye akasimama wima, akaijibu saluti ile kwa ukamilifu, na kumwita adeer, yaani ami, akimwomba radhi kwa kumchelewesha. Mwandishi ameshuhudia magwaride mengi ya heshima. Hilo la watu wawili, kando ya mapipa ya mchanga, hatalisahau upesi.

Jambo kubwa la safari hii kwa mzee lilikuwa ni kuonana na rafiki yake wa kazi, Msomali wa bara, wa ukoo mwingine kabisa. Waliwahi kulala bweni moja na kulinda zamu moja. Usiku ule wa 1991 ndiye aliyekuja kugonga dirisha na kusema kwamba watu wa upande wake mwenyewe watafika asubuhi, na kwamba nyumba za Wabajuni zimekwisha kutajwa. Aliwasindikiza hadi ufukweni akiwa amevaa sare yake, kwa sababu alidhani sare bado ina maana. Kwa tendo hilo alipigwa na jamaa zake na kuvunjwa mkono, ambao haukupata kunyooka.

Siku ya Jumatano wawili hao walitembea mji mzima wakisaidiana. Walipita mahali palipokuwa kituo chao, wakabishana ni dirisha gani lililokuwa la ofisi ya mkuu wao. Walikula pasta pamoja na ndizi za bonde la Juba, kama desturi ya huko. Wakapanda gari hadi Gobweyn, ambako mto Juba unaingia baharini, kwa sababu zamani walizoea kwenda kuoga huko siku za mapumziko. Hawakuoga. Walikaa juu ya mchanga wakitazama maji ya udongo yakikutana na maji ya chumvi. Juu ya usiku ule hawakusema lolote. Mke wa mzee ndiye aliyetuhadithia, tena baadaye, wao wakiwa hawapo. Katika utumishi tunafundishwa kuandika ripoti ya kila jambo, lakini yapo mambo ambayo waliohusika hawatoi ripoti yake hata wao kwa wao.

Alhamisi ilikuwa siku ya daktari. Binti yao, aliyeolewa mjini, ndiye aliyepanga. Daktari alisema jicho la kulia laweza kupasuliwa na kuona tena, ila mgonjwa asisafiri kwa chombo kwa majuma kadhaa, asiinue mzigo, wala maji ya bahari yasimguse. Binti akaona amepata nafasi yake. Aliwasihi wazee wake wahamie Kismayu moja kwa moja: chumba kipo, wajukuu wapo, na kisiwani hakuna daktari. Maneno yake yalikuwa ya haki, na baba yake hakuwa na jibu isipokuwa kutazama sakafu.

Mama alinyamaza hadi chakula cha usiku kilipokwisha. Kisha akasema, "Bwana, mimi nitabaki nipasuliwe. Lakini jicho ninalitaka nikaione Chula, si nikae hapa nitazame ukuta wa jirani." Binti akalia kidogo, akainuka kuosha vyombo.

Ijumaa baada ya sala ya jamaa mikeka miwili iliuzwa. Wa tatu mama aliubakisha kwa ajili ya binti. Jumamosi alfajiri mzee alishuka pwani peke yake, kwa kuwa mbuzi na nyumba vilihitaji mtu, na rafiki yake wa mkono uliopinda alimbebea mfuko hadi kwenye mashua. Mke wake wa miaka arobaini na mitano alisimama na binti yake karibu na gati, jicho moja likiwa tayari limefungwa kitambaa kwa maagizo ya daktari. Hawajawahi kulala mbali wao kwa wao tangu Jomvu.

Mzee alipokwisha kukaa juu ya magunia ya mchele, alimgeukia nahodha na kumwuliza bamvua ijayo ni siku gani. Nahodha alimjibu kwamba ni baada ya siku 14. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole.