Je, Wajua? Saa, Maji na Jua la Morogoro

Mlima Lupanga haufiki mita mbili za maji!
Kutoka Morogoro mjini, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Lupanga, mita 2,138, unapanda zaidi ya mita 1,600. Kule juu hewa ni nyepesi, hivyo ile iliyofungiwa ndani ya saa yako tangu mjini inaanza kusukuma kioo kutoka ndani. Kwa nguvu gani? Kama ya maji yenye kina kisichofika mita mbili! Maji ni mazito jamani: kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na wa angahewa yote inayotukalia kichwani tukiwa ufukweni.

"30 M" si ruhusa ya kuzama mita 30
Namba hiyo inayoandikwa kwenye saa ni kipimo cha mgandamizo, na hupimwa saa ikiwa mpya, raba zake za kuzuia maji hazijachoka. Saa ya namna hiyo ni ya kunawa na kunyeshewa tu. Wapiga mbizi wana saa zao, ambazo chini ya kiwango cha ISO 6425 hujaribiwa kwa asilimia 25 zaidi ya kina kilichoandikwa.

Jua na kijito vikishirikiana, saa imekwisha
Tuseme umeiacha saa juani hadi ikapata nyuzi 50, kisha ukaitumbukiza kwenye kijito cha mlimani chenye nyuzi 20. Hewa ya ndani inapoa, na mgandamizo wake unashuka kwa karibu asilimia 9. Ni kana kwamba umeizamisha karibu mita moja zaidi ya pale ilipo, na raba iliyokakamaa haina ubavu wa kuzuia.

Waundaji saa nao hutumia ujanja wa joto na baridi kunasa saa zinazovuja. Kwa kiwango cha ISO 22810, saa hupashwa hadi kati ya nyuzi 40 na 45, kisha tone la maji ya baridi huwekwa juu ya kioo. Baada ya dakika moja tone linafutwa. Ukungu ukibaki kwa ndani, kama jasho chini ya kifuniko cha sufuria, maji yalishaingia.

Joto huichelewesha, baridi pia
Ndani ya saa nyingi za betri kuna kipande cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kila sekunde. Hupangwa kwa nyuzi 25 hivi. Joto likizidi au likipungua hapo, kinapunguza mwendo.

Ziwa Tanganyika mara saba
Mwaka 1960 saa ya Rolex ilifungwa nje ya chombo cha kuzamia baharini kiitwacho Trieste, ikazama karibu mita 10,900 katika Bahari ya Pasifiki na kurudi ikitembea. Ziwa Tanganyika, lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, lina mita 1,470.

Yako si hiyo. Fundi akiifungua kubadili betri, mwambie akague raba kabla hajarudisha kifuniko.