SOMO LA REDIO: NYUMBA ZA SENEMA

Shikeni kalamu. Neno letu la leo ni SE-NE-MA. Lisomeni pole pole, halafu liandikeni.

Senema ni picha zinazokwenda. Lakini kwa kweli picha zenyewe haziendi hata kidogo. Mtambo huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na kila moja imetofautiana kidogo na mwenzake. Jicho haliwezi kuzitenga, basi huona mtu anatembea. Ndugu wawili wa Ufaransa, jina lao Lumière, walionyesha watu picha za namna hiyo kwa malipo mjini Paris mwezi wa Desemba, 1895.

Haikupita miaka mingi, zikafika pwani yetu. Unguja zilionyeshwa kwanza katika mahema. Kisha, mwaka 1921, likafunguliwa jengo hasa la senema mtaa wa Vuga, nalo likaitwa Royal. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Mwingereza, J. H. Sinclair. Baadaye liliungua moto. Likajengwa jingine mahali pale pale, la Majestic, likawa tayari mwaka 1955. Ramani ya hilo la pili ilichorwa na Dayalji Pitamber Sachania.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo penye habari yenyewe. Zamani zile, katika nchi kama Afrika Kusini, mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi katika nyumba ya senema ya Wazungu. Unguja na Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine. Wenye majumba walikuwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, nao walitaka viti vijae. Mwenye senti chache aliketi mbele, karibu na pazia, shingo ikimwuma. Mwenye fedha alipanda ghorofani. Lakini wote walikuwa chini ya paa moja: mchukuzi, karani, mwuza samaki, tajiri. Palikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, hata mama asiyetoka nyumbani ovyo aliweza kwenda.

Je, walifahamu lugha? Filamu zilizopendwa sana zilitoka Bara Hindi, kama Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Wengi hawakujua Kihindi. Lakini kijana maskini anayempenda binti wa tajiri anahitaji mkalimani gani?

Na watu wa shamba, je? Miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu za mafunzo ya kilimo na afya. Zilichukuliwa kwa lori vijijini, zikaonyeshwa usiku nje. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu. Aliyecheza humo ni Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Dar es Salaam palikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na nyingine. Mwaka 1966 ilifunguliwa senema ya kutazamwa ukiwa ndani ya motokaa. Leo mahali pale pana ubalozi wa Marekani.

Kwa nini majumba hayo yalikufa? Wengi husema ni televisheni. Mimi sikubali moja kwa moja. Bara, televisheni ilianza mwaka 1994, na wakati huo majumba mengi yalikwisha dhoofika. Unguja serikali iliyatwaa baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara ilikuja sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo. Kisha fedha za kigeni zikaadimika. Filamu mpya zikawa chache, na vyuma vya mitambo navyo havikupatikana. Paa likivuja, nani atalitengeneza? Halafu ikaja mikanda ya video, mtu akatazama nyumbani kwake. Majestic nalo liliachwa likachakaa.

Leo filamu imo ndani ya simu, hata hapa Karagwe. Kila mtu anatazama yake peke yake, na anacheka peke yake.

Kazi ya nyumbani. Mwulizeni mzee mmoja kama aliwahi kuona gari la senema: alikuwa wapi, alikaa na nani, na watu walifanya nini picha ilipoanza. Andikeni majibu yake kwa sentensi tano. Tutayasoma darasani wiki ijayo.