Wasemaji wa Upinzani Wachaguliwe kwa Kura

Umeme wa Kinyerezi, viungani mwa Dar es Salaam, huzalishwa kwa gesi ya Songo Songo na Mtwara, ukaingia katika gridi inayofika hadi Unguja na Pemba kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo mbunge wa upinzani anayekabidhiwa kazi ya kumhoji Waziri wa Nishati anahusika na kila nyumba yenye taa, bara na visiwani. Je, ni nani ampaye kazi hiyo?

Kwa desturi ya Bunge letu, Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani ndiye aliyewateua wasemaji wakuu, maarufu kwa jina la mawaziri vivuli. Kiti hicho cha uongozi kimepata kukaliwa na Wapemba wawili: Bibi Fatma Maghimbi wa Chake Chake na Bwana Hamad Rashid Mohamed wa Wawi. Lakini mwaka 2010 CHADEMA, chini ya Bwana Freeman Mbowe, iliunda kambi peke yake. Wabunge wa CUF, ambao wengi wao walitoka visiwani, wakaachwa nje.

Hatusemi kwamba walioteuliwa hawakufaa. Tunasema kwamba ateuliwaye humtazama aliyemteua, na achaguliwaye huwajibika kwa wote waliomchagua.

Wabunge wa chama cha Labour cha Uingereza walikuwa wakiwapigia kura wasemaji wao kila walipokuwa katika upinzani. Mwaka 2010 wagombea 49 walishindania nafasi 19. Mwaka uliofuata utaratibu huo ulifutwa, kwa hoja kwamba kampeni za ndani zilikiondoa chama katika kazi ya kuikabili Serikali. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kupiga kura mara moja tu, Bunge jipya linapoanza.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 upinzani haukufikia asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa ili kuunda Kambi Rasmi. Wako watakaouliza: kwa nini basi tuzungumzie kiti kisichokuwapo? Wavuvi wetu wanajua kwamba mapatano ya kugawana samaki hufanywa kabla jarife halijavutwa. Likishafika pwani, kila mkono una hoja yake.

Tunavishauri vyama viandike sasa kanuni ya kura ya siri, yenye kuhakikisha nafasi kwa wabunge wa visiwani. Nao maafisa wa Serikali wasiione kanuni hiyo kuwa ni silaha dhidi yao. Waziri anayehojiwa na mtu aliyeandaliwa vyema huligundua kosa lake mapema, kabla wananchi hawajaligharimia.