Gari la spoti la zamani: Tarehe ya tairi husomwa kabla ya kashata

MACHI 2014, Ofisi ya Sherifu ya Kaunti ya Los Angeles nchini Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa ajali iliyomuua mwigizaji wa filamu Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas, aliyekuwa kwenye usukani. Gari lao, Porsche Carrera GT ya mwaka 2005, liliacha njia Novemba 30, 2013 huko Santa Clarita. Mwendo wake ulikadiriwa kuwa kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa, mahali ambapo mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kilometa 72.

Mwendo kasi ndio uliotajwa kuwa chanzo cha ajali. Hata hivyo, wachunguzi waliandika jambo jingine ambalo wasomaji wengi wa habari hiyo walilipita haraka: matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka tisa, na huenda yalipunguza uwezo wake wa kushika barabara.

Jambo hilo ndilo kiini cha tatizo la magari ya spoti yaliyozeeka. Mengi hulala gereji siku nyingi kuliko yanavyotembea, hivyo kashata za matairi haziishi. Mwenye gari akiyatazama huona matairi mapya, kumbe mpira wake umekwisha kukakamaa. Hewa, joto na mwanga wa jua huubadilisha mpira hata gari likiwa limesimama, na kemikali zinazoulinda hufanya kazi vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja kuliko linapokaa mahali pamoja.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kusoma ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT huja mfululizo wa alama, na tarakimu nne za mwisho hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kuendeshwa kwa mwendo wowote wa maana. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, ilhali watengenezaji kadhaa wa matairi huweka ukomo wa miaka 10, kwa sharti kwamba likaguliwe kila mwaka baada ya mitano.

Uingereza ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Septemba 2012 watu watatu walikufa katika ajali ya basi huko Surrey, na uchunguzi ulibaini kuwa tairi lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Tangu Februari 2021 ni marufuku nchini humo kwa malori na mabasi kutumia matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Magari madogo hayakuguswa na sheria hiyo. Mwenye gari la spoti ameachiwa busara yake mwenyewe.

Tarehe ikishajulikana, huja suala la tairi gani linunuliwe. Mfano mzuri ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la viti viwili lililozinduliwa Chicago Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Ni miongoni mwa magari ya zamani yanayoonekana kwa wingi katika siku za wazi za viwanja vya mbio vya Ulaya na Marekani, ambako mtu hulipa ada, huzunguka uwanja kwa gari lake mwenyewe, kisha hurudi nalo nyumbani jioni.

Gari hilo lilitoka kiwandani na matairi ya 185/60R14. Maana yake ni upana wa milimita 185, ubavu wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo, na ringi ya inchi 14. Tatizo ni kwamba ringi ndogo zimepitwa na wakati, na matairi makali ya spoti ya inchi 14 yamekuwa adimu. Mazda yenyewe, ilipoanzisha huduma ya kukarabati magari hayo nchini Japani, ilishirikiana na Bridgestone kutengeneza upya tairi la asili, SF325. Hilo linawafaa wanaotaka gari lirudi kama lilivyozaliwa. Kwa anayetafuta mshiko uwanjani, njia iliyozoeleka ni kuhamia ringi ya inchi 15 yenye tairi la 195/50R15.

Hesabu yake ni rahisi. Tairi la asili lina kipenyo cha takriban milimita 578, na hilo la pili milimita 576. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mshale wa spidi hausemi uongo na urefu wa gia haubadiliki. Lakini anayerukia ringi ya inchi 17 kwa ajili ya sura hubeba uzito zaidi kwenye kila gurudumu, na gari lenye uzito unaokaribia tani moja hulihisi jambo hilo kwenye kila shimo.

Upana nao una mpaka. Tairi pana mno kwenye gari jepesi lenye injini ya nguvu za farasi zipatazo 115 huchelewa kupata joto, na mpira usiopata joto lake haushiki ipasavyo. Wanaoamini kuwa tairi pana ni bora daima wamekosea, ingawa imani hiyo ina wafuasi wengi.

Aina ya mpira ndiyo huamua mengi. Matairi yanayouzwa Marekani huwa na namba ya uchakavu ubavuni, ambapo 100 ni kiwango cha msingi na namba kubwa huashiria maisha marefu. Matairi ya safari za kawaida mara nyingi huwa na 400 au zaidi. Yokohama Advan A052, linalopendwa na waendeshaji wa viwanjani, lina 200. Toyo Proxes R888R, tairi la nusu mashindano linaloruhusiwa barabarani, lina 100. Namba hizo hutolewa na kila kiwanda kwa matairi yake, kwa hiyo hazifai kutumiwa kama mizani ya kulinganisha kampuni moja na nyingine kwa usahihi.

Mpira laini hushika lami kama gundi ukipata joto. Aidha, huisha upesi, na kila unapochemka na kupoa huzidi kukakamaa. Matairi ya nusu mashindano huwa na mifereji michache, na kasoro yake hujitokeza wakati wa kurudi nyumbani: jioni, mvua inanyesha, mpira umepoa, na barabara kuu ina madimbwi. Mifereji ikishindwa kutoa maji, tairi huelea, usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazina la kufanya. MX-5 nyingi za mwanzo hazina ABS, wala hakuna iliyotoka na mfumo wa kompyuta wa kulizuia gari lisiyumbe. Anayetegemea seti moja kwa barabara na uwanja, hasa katika nchi ya mvua, hukaa salama zaidi na tairi la spoti la barabarani lenye mifereji kamili, hata akipitwa kwa sekunde chache kila mzunguko. Wengine hununua seti mbili, lakini gari la viti viwili halina mahali pa kupakia matairi manne.

Upepo nao una mtego wake. MX-5 hiyo hupendekezewa psi 26 matairi yakiwa baridi. Tairi likipanda kutoka nyuzi joto 25 hadi 75 uwanjani, kipimo hicho hufika karibu 33, na tairi huanza kuteleza. Mwendeshaji hupunguza upepo hadi 28, na gari hutulia. Lakini matairi yakipoa, zitabaki psi 22 tu, na ndizo atakazosafiria nyumbani asipojaza tena. Kipimo cha upepo cha mkononi na pampu ndogo ni vifaa vya bei ya chini kuliko tairi moja.

Pia gari lenyewe lina umri. Breki, beringi za magurudumu na bushi zilizosanifiwa kwa matairi ya miaka ya 1980 hubeba mzigo mkubwa zaidi pale tairi jipya linaposhika kuliko lile la asili. Mafundi wazoefu hushauri vitu hivyo vikaguliwe kabla ya kununua mpira mkali, na matairi yote manne yawe ya aina moja. Tairi laini mbele na gumu nyuma ni kuliomba gari ligeuke lenyewe kwenye kona.

Kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, suala la tarehe lina uzito wa pekee. Gari hufika likiwa na matairi yake, mara nyingi yenye kashata za kuridhisha, na muuzaji huyataja kama sifa. Ubavu wa ndani, usioonekana bila kuinama, mara nyingi ndio ulio na tarakimu zote nne. Mnunuzi anayeinama na kuzisoma kabla ya kulipa hujua kama ameuziwa gari peke yake, au gari pamoja na gharama ya matairi manne mapya.